Mbao za Reli katika Bustani ya Mama Angélique

Kwenye mstari wa matanuri ya kukaushia samaki, nyuma ya ufuko wa Kalemie, kuna moja lisilotoa moshi. Ni la nne kuanzia upande wa reli. Udongo wake umepasuka mdomoni, na majani membamba yameanza kuota pale makaa yalipokuwa yakilala. Wanawake wa matanuri mengine hupita kando yake na mabeseni ya samaki aina ya mikebuka kichwani. Mazungumzo yao hayakatiki tangu alfajiri, ila hukatika pale kwa hatua tatu nne, kisha huendelea. Nafasi kwenye mstari huo hugombewa, lakini hiyo hakuna aliyeichukua. Hata jina la mwenyewe halitajwi.

Mwenyewe ni Mama Angélique, mke wa Papa Barthélemy wa reli. Alikausha samaki hapo kwa miaka ishirini na miwili.

Aliyemtoa hapo ni binti yake, Sylvie, bila kutaka. Sylvie aliolewa Kabalo na mwalimu aitwaye Joël, na mara mbili alipata mimba, na mara mbili ikatoka katika mwezi wake wa tano. Ya pili ilitoka akiwa Kalemie kwa wazazi. Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Constance, aliketi pembeni ya kitanda akauliza maswali ambayo Angélique hakuyatazamia. Mnapuliza nini chumbani kwa ajili ya mbu? Binti anajipaka nini usoni? Mboga mnanunua wapi, na wenye kuzilima wanazinyunyizia nini?

"Unataka kusema vitu hivyo njo sababu ya mimba kutoka?" Angélique aliuliza.

"Sisemi njo sababu, mama. Nauliza tu. Kama ingekuwa mutoto wangu, ningeanza na vile ninavyoweza kutupa."

Angélique alirudi nyumbani akaanza kutupa. Aliweka mezani kopo la dawa ya mbu, chupa ya sumu ya panya isiyokuwa na lebo, na vikopo viwili vya mafuta ya kung'arisha ngozi, kimoja cha Sylvie na kimoja chake mwenyewe, kilichofichwa nyuma ya kabati kwa miaka. Barthélemy alivitazama kama mtu anayetazama mizigo ya mgeni.

"Hata ya panya, Mama Sylvie? Tutawafukuza na rozari?"

"Tutaleta paka."

"Paka wa Kalemie hakamati panya. Anangojea samaki ndagala wakauke."

Alicheka peke yake. Angélique alikwisha ondoka na vile vitu kwenye ndoo.

Baada ya hapo akataka bustani. Kiwanja chao kiko kwenye mteremko wa kilima, juu ya kambi ya zamani ya reli, na mvua huteremsha udongo wote hadi njiani. Hapo Barthélemy alipata nafasi ya kumfurahisha mkewe. Nyuma ya nyumba alikuwa na mbao ishirini, nene na nyeusi, zile zinazolazwa chini ya reli, ambazo watu wa kazi hiyo huziita traverse. Alikuwa mkuu wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli upande wa Nyunzu. Alipomaliza kazi, biro, ile ofisi ya reli, ilimpa karatasi yenye muhuri kwamba mbao hizo, zilizong'olewa, ni zake. Hakupewa kingine. Aliifunga karatasi ile katika plastiki na kuiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Kwa majuma mawili alichimba, akapima kwa kamba, akalaza traverse kwa ngazi tatu zilizonyooka kama njia ya reli yenyewe. Majirani walikuja kutazama. "Mvua inaweza kuhamisha nyumba," aliwaambia, "lakini hii haihami. Mafuta yaliyo ndani ya mbao hizi, hata mchwa hasogei." Angélique akapanda lengalenga, matembele, bilolo, maharagwe kwenye ngazi ya juu. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakununua mboga.

Mwanzoni mwa Agosti Sylvie alishuka kwenye treni, mimba ya tatu ikiwa na miezi minne. Joël mwenyewe ndiye aliyesema aje: kwa mama kuna chakula safi. Angélique alimshika mkono kutoka kituoni mpaka kitandani, na siku ile mwezi wa tano ukaanza kutembea ndani ya nyumba kama mtu mwingine wa nne, asiyehesabiwa sahani lakini anayesikika katika kila chumba. Sylvie akikohoa, mama yake alisimama. Sylvie akikawia chooni, mama yake alikwenda kusimama nje ya mlango.

Septemba ikaja na lile jua la kabla ya mvua. Alasiri moja Sylvie alikaa kwenye ngazi ya juu ya bustani akichuma maharagwe, mikono yake ikiegemea traverse kila alipojisogeza. Jioni viganja vyake vilikuwa vyekundu na vimevimba, na katikati ya vidole palikuwa na malengelenge.

"Umeshika nini?"

"Hakuna, Mama. Maharagwe tu."

Angélique aliinua viganja vile hadi puani. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Sylvie alijaribu kuvuta mikono.

Harufu ile ya mafuta ya traverse aliijua kabla hajaweza kuitaja. Ilikuwa harufu ya kitenge chake kila jioni kwa miaka ishirini na miwili. Wanawake wa matanuri wana siri ambayo kila mmoja huipokea kwa aliyemtangulia: moto ukisha shika, unavunjia humo vipande vya traverse ya zamani. Moshi unakuwa mzito, mweusi. Samaki anatoka anang'aa kama kiatu cha padri, nzi hamkaribii, na treni ikilala njiani siku nne kabla ya kufika Kabalo, bado anauzika. Angélique alikuwa stadi wa jambo hilo. Na kila mara alipokausha, tangu Sylvie anaota meno, alikuwa akichagua samaki mmoja, yule anayeng'aa kuliko wote, na kumfunga kwenye jani amletee mtoto.

Alitoka nje. Jua lilikuwa linazama, na traverse zilikuwa bado zinatoa jasho: matone meusi, mazito, yakiteremka taratibu hadi kwenye udongo. Mashina yote ya maharagwe yaliyokuwa karibu na mbao yalikuwa na majani ya manjano yaliyokunjamana. Alikuwa ameyaona tangu juzi, akadhani ni kiu, akaongeza maji.

"Papa Sylvie," alisema aliporudi ndani, "zile mbao zitoke."

"Zitoke ziende wapi? Mvua njo hii iko mulangoni."

"Zitoke."

"Bustani yote itateremka njiani. Majuma mawili nimechimba pale na mugongo huu."

"Kitu ambacho mchwa anakikataa, sisi tumekipandia mboga. Tazama mikono ya mutoto."

Barthélemy aliitazama mikono, kisha akatazama pembeni. "Miaka thelathini nimebeba traverse begani. Niko muzima."

"Wewe hukubeba mimba."

 Kwa siku tatu Angélique alizuia mboga za bustani zisiliwe, na wote watatu walikula ugali na yai. Siku ya tatu Sylvie alisema mgongo unamuuma kwa chini, kidogo tu. Mama yake alimwambia alale, akaketi kwenye kiti mlangoni pa chumba, na Barthélemy alipopita akamwona hivyo, mikono juu ya magoti, macho makavu. Alitoka, akachukua mtaimbo wake. Kutwa nzima ilisikika milio ya mbao ikitoka ardhini. Kufikia jioni traverse zote ishirini zilikuwa zimepangwa kando ya njia.

"Nimekusikia," alisema. "Tena nimezipatia mahali. Mama Bibiane atakuja kesho na mukokoteni, atazibeba zote. Nimekwisha mupa neno langu."

Alingoja shukrani. Mama Bibiane ndiye mkubwa wa mstari wa matanuri.

Angélique alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Asubuhi Bibiane alifika na mkokoteni na wanawake wanne, wakiongea toka mbali. Walimkuta Angélique ameketi juu ya rundo la traverse, kitenge kimefungwa sawasawa kama mtu wa kwenda misani.

"Eh, Mama Angélique! Unaatamia? Zitatoa vifaranga?"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Haziendi kwenye matanuri, Mama Bibiane."

"Mumeo amenipa."

"Amekupa bila kujua. Mimi najua. Miaka ishirini na miwili nimechoma hii kitu, nimewalisha watu wa Nyunzu, wa Kabalo. Nimemulisha mutoto wangu." Alimwita Sylvie. Sylvie akaja mpaka mlangoni, tumbo mbele, akaonyesha viganja. Ngozi ilikuwa imeanza kubanduka.

 Mmoja wa wale wanawake, kijana, alitazama viganja vyake mwenyewe. Bibiane aliona hilo, na sauti yake ikabadilika.

"Kwa hiyo samaki yetu ni sumu. Njo unachosema, hapa njiani, watu wanapita?"

"Nasema tuchome muembe, tuchome kuni kama bibi zetu."

"Kuni ya wapi? Mulima uko uchi! Weye una mume mwenye bustani, unakula majani yako, unajisikia musafi. Umenawa, sasa unatumwagia maji machafu kichwani. Papa Barthélemy, sema. Neno lako liko wapi?"

Barthélemy alikuwa amesimama kwenye kizingiti, shati halijafungwa vifungo. Watu walikuwa wamejaa njiani. Kila mmoja pale alijua ile karatasi yenye muhuri, maana aliwaonyesha wote, zaidi ya mara moja.

"Zikienda ufukoni," Angélique alisema taratibu, bila kumtazama mumewe, "siku ya treni nitakwenda kituoni. Nitasimama kando ya kila beseni, nitasema ndani muna nini."

"Sema, Papa!"

"Mama Bibiane," Barthélemy alisema, "nilikosea. Hizi traverse si zangu. Ni za njia ya reli. Siwezi kutoa kitu cha njia."

 Mtu aliyeishi mtaa huo hata mwaka mmoja alijua maneno yale yamemgharimu nini. Bibiane alitema mate pembeni, akageuza mkokoteni mtupu mwenyewe.

Siku iliyofuata wazee watano waliokuwa katika kikosi cha Barthélemy walikuja. Walibeba mbao kwa mabega kuteremka hadi kambini, wawili wawili, wakiita hatua kama zamani. Kumi na nne zililazwa chini ya reli ya pembeni, karibu na bandari, palipokuwa na mapengo. Sita zilikuwa zimeoza ndani, wakazifukia mahali pasipolimwa. Barthélemy alirudi jioni akaichana ile karatasi, si kwa hasira, akaitia kwenye moto wa jiko.

Lakini tishio la Angélique lilikuwa limekwisha sikika. Juma lile lile wachuuzi waliokuja na treni kutoka Nyunzu walianza kuvunja samaki na kunusa kabla ya kununua. Mabeseni yalirudi ufukoni yamejaa. Wanawake wa matanuri walimletea Angélique nyavu zake za chuma za kukaushia samaki, wakazitupa mbele ya nyumba. Jumapili moja, familia ikiwa misani, watu waliingia bustanini wakang'oa matembele yote na kuyaacha juu ya njia, mizizi juani. Angélique aliwajua. Kwa mmoja wao alikuwa mama wa ubatizo.

Mvua ya kwanza ikaja kabla mawe waliyokuwa wakikusanya badala ya mbao hayajatosha. Udongo uliteremka usiku, na theluthi ya bustani ikalala njiani. Kesho yake yeye na mumewe waliurudisha kwa ndoo, wakapanga mawe ya kilimani, wakapanda mchaichai katikati ya mawe ili mizizi ishike. Sehemu ambapo mbao zilikuwa zimetoa mafuta waliikwangua kiasi cha jembe zima na hawakupanda kitu.

Mwezi wa tano uliisha siku isiyokuwa na kelele. Angélique alilitambua hilo siku mbili baadaye, akiwa anachagua maharagwe, akasimamisha mikono.  Wa sita nao haukuaminika, wala wa saba. Sylvie alianza kuimba akifua, na mama yake alimwomba anyamaze, kisha akaona aibu kwa kumwomba.

Mtoto alizaliwa juma la pili la Januari, wa kike, akilia. Wakampa jina la Consolate. Angélique alimvuta Mama Constance pembeni, kwenye ukumbi wa maternité, wodi ya uzazi.

"Njo bustani? Njo zile mbao tulizotoa? Niambie."

"Sijui, mama," muuguzi alisema. "Kweli sijui."

Angélique aliitika kwa kichwa, akaingia kumchukua mtoto.

Kwenye mstari wa matanuri hakuwa tena na mahali, na tangu Februari anakaa Kabalo, kwa Joël na Sylvie, nyumba ya tatu kutoka kituo cha treni. Papa Barthélemy amebaki Kalemie na bustani. Asubuhi Mama Angélique huuza lengalenga karibu na kituo. Samaki hauzi tena.