Redio ya Kichwani

Mtu anayetafuta kitu cha kumzibia masikio, redio ndani yake anaitakia nini?

Swali hilo nilimuuliza mwenye duka pale Shinyanga, nikamuuliza Mama ndani ya basi tukirudi, kisha nikabaki nalo mwenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, serikali ilikuwa imesimamisha ajira, na kazi pekee niliyokuwa nayo ilikuwa kuuliza maswali.

Mama alikuwa na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya upande wa Geita. Wachimbaji waliiita karasha. Baba ndiye aliyeileta. Alipofariki, ndugu zake walitaka iuzwe wagawane, Mama akakataa, akajifunza kuiwasha mwenyewe. Ilikuwa injini ya dizeli chini ya bati lisilo na kuta, ikizungusha pipa zito lililojaa gololi za chuma na mawe ya watu. Ukisimama pale muda wa kumaliza kikombe cha chai, ukiondoka unaendelea kuisikia kichwani hadi ulale. Mama alisimama pale kutwa, kila siku isipokuwa Jumapili.

Niliporudi nyumbani niligundua mambo mawili. Kwanza, nikimwita kwa nyuma hageuki. Pili, watu walikuwa wameanza kumkwepa.

Hilo la pili nilielezwa na mama mdogo, aliyekuwa akipika na kuuza chakula palepale machimboni. Alikuwa anachambua dagaa, wala hakuinua uso.

"Wanasema dada anaringa. Wanamsalimia, anawatazama kama miti."

"Hasikii, mama mdogo. Ni ile mashine."

"Mimi najua. Ingekuwa wanasema anaringa tu, nisingekusumbua."

"Wanasema nini kingine?"

"Mtazame macho."

Macho ya Mama yalikuwa mekundu. Vumbi la mawe lilikuwa limeyala, kama lilivyoyala macho ya kila mtu aliyefanya kazi pale. Lakini nilimwelewa. Usukumani miaka ile wanawake walikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wengi wao walikuwa wajane wenye kitu ambacho mtu mwingine alikitamani. Mama alikuwa mjane, alikuwa na macho hayo, alikuwa na mashine. Sasa na salamu haitikii. Tena palikuwa na mzee mmoja, mwenye shimo kubwa kuliko mashimo ya wengine, aliyekuwa akisema waziwazi kwamba alimsalimia Mama jioni, hakujibiwa, na asubuhi akakuta shimo lake limejaa maji.

"Mvua ilinyesha," nikasema. "Mashimo yote yalijaa maji."

"Haya, nenda ukawafundishe, msomi."

Nilianza kumshuku hata yeye. Maneno yote yale, yalimfikiaje kama hayakupitia kwenye sufuria zake?

Kwa Mama nilikwenda na dawa niliyoiona rahisi: awaambie watu kwamba masikio yamechoka, yaishe. Alinitazama mdomoni mpaka nilipomaliza. Siku hizo alitazama midomo ya watu badala ya macho yao, na hilo nalo halikumsaidia.

"Nikisema sisikii, nani ataniachia mawe yake? Watapanga kuniibia mbele yangu huku nawachekea. Na baba zako wadogo watapata sababu ya kuja kuichukua mashine."

"Basi angalau tuyakinge yaliyobaki."

Hapo tulikubaliana.

Shinyanga kulikuwa na duka la vipuri ambako Mama alikuwa akinunua mikanda ya injini. Lilikuwa la familia ya Kihindi iliyohudumia viwanda vya pamba na mashine za unga tangu kabla sijazaliwa. Mwenye duka, mzee wa kofia nyeupe, alimpokea Mama kwa salamu ya Kisukuma safi: "Mwadila, mayo!" Mimi nilipompa shikamoo aliitikia marahaba na kuniuliza nasoma wapi. Nilipomtajia aina ya kitu tunachotaka, akaweka juu ya meza vifunika masikio vya namna mbili.

Vya kwanza vilikuwa vyeusi, vizito, vibaya kwa sura. Boksi lake lilikuwa limeandikwa kiasi cha kelele kinachopunguzwa. Vya pili vilikuwa vyekundu na vyepesi, vina redio ndani, swichi pembeni, na antena ya kuvuta iliyosimama juu ya sikio moja kama pembe ya mende. Boksi lake lilikuwa na picha ya Mzungu anayekata majani huku anacheka.

"Hii ndiyo ya kisasa," akasema. "Unafanya kazi, muziki unao, kelele hakuna."

"Kama inazuia sauti, redio inaingiaje?"

"Redio iko ndani, kelele iko nje."

"Na redio yenyewe si kelele? Mtu akitaka kuishinda injini si ataifungulia mpaka mwisho?"

"Itategemea mtu."

"Mbona boksi hili halisemi inapunguza kelele kiasi gani?"

"Binti, umekuja kununua au kunitahini?"

Nilivaa vile vyeusi, nikageukia ukutani, nikamwomba agonge jembe la plau kwa nyundo. Akagonga. Nilisikia kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu. Nikavaa vyekundu, akagonga tena. Safari hii ilikuwa kama hodi ya mlango wetu wenyewe. Niliziminya zile sponji, nikachungulia tundu la antena, nikahisi upepo wote wa dunia unaweza kupitia pale. Niliwasha na redio: ikakoroma, kisha ikatoa sauti ya mtangazaji, safi kabisa. Hilo halikunituliza. Niliona wazi kwamba mtu fulani mahali fulani alitengeneza redio isiyokinga masikio, akaifunga kwenye boksi lenye picha ya mtu anayecheka, akasubiri watu kama sisi.

"Tunachukua hivi vyeusi," nikasema.

Mama alikuwa ameishika ile nyekundu. Alivuta antena yote mpaka mwisho, akaiinua juu ya kichwa chake, akamwuliza mwenye duka swali moja tu tangu tuingie.

"Mtu akiwa mbali, huu mkonga anauona?"

"Anauona, mayo. Na jua likiupiga, unametameta."

"Nifungie hii."

Ndani ya basi nilimweleza, nikiwa nimemgeukia ili anione mdomo, kwamba amenunua pambo. Akasema, "Sawa." Nikamwambia itamalizia hata hicho kidogo alichobakiza. Akasema, "Sawa," akalala.

Pale machimboni kile kitu kilipewa jina siku ileile: redio ya kichwani. Mama aliivaa hata kabla injini haijawashwa, antena juu. Watu waliokuwa wakipita mbali na karasha wakaanza kusogea kuiangalia. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepatwa na wimbo. Mtu akimsalimia, hakugeuka. Alipokuja kumwona mtu huyo, aliinua kidole kumsubirisha, akasogeza kifuniko kimoja, akamsalimia yeye kwanza, kwa kicheko.

"Mama Karasha, wanasemaje huko?"

"Wanasema mfanye kazi!"

Siku ya Mama kupimwa ilikuwa pale yule mzee wa shimo alipokuja. Alikuwa ameacha kuleta mawe yake kwetu. Alisimama nje ya kivuli cha bati, mikono nyuma, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mwadila, mayo."

Mama alikuwa amempa mgongo. Wachimbaji wawili waliokuwa wamekalia magunia yao waligeuka kumtazama. Mama mdogo alisimama na mwiko mkononi. Mimi nilitaka kukimbia nimguse bega, lakini nilijua kila mtu pale angeona kwamba nimemgusa, na kwa nini.

"Mwadila, mayo," mzee akarudia.

Mama alinyanyua mkono mmoja hewani, kiganja wazi, kama anayemwambia mtu anyamaze. Sijui alikiona kivuli cha mzee chini au aliona nyuso zetu. Alibaki hivyo kidogo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, ndipo akageuka na kusogeza kifuniko.

"Aa, baba! Mwadila, baba. Nisamehe, walikuwa kwenye bei ya pamba."

Uso wa mzee ulibadilika. Alikuwa na shamba la pamba, kama kila mtu.

"Wametangaza?"

"Bado wanazungukazunguka tu. Maneno mengi."

"Wezi hao!"

"Wezi kabisa."

Wale wa kwenye magunia wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee, kumbe shimo lako lilijaa maji kwa ajili ya redio!" Mzee naye akacheka, akasema mwanamke huyu redio itamfanya asahau hata kula, na kesho yake akaleta mawe. Alikuwa amenyimwa salamu wiki kadhaa kabla redio haijanunuliwa. Hakuna aliyepiga hesabu hiyo isipokuwa mimi.

Lakini sikuiamini redio ile. Nilipopata kazi Shinyanga na kuwa ninakuja likizo tu, kila mara nilimkuta ameivaa, anatikisa kichwa, na kila mara nilimwambia apunguze sauti. "Nimepunguza," alijibu. Nilipotaka kuijaribu mwenyewe nione ameifungulia kiasi gani, alisema betri ni za kazini. Watu walimwita awape habari za dunia, naye aliwapa, na habari zenyewe zilikuwa za kweli, maana nami nilikuwa nimezisikia alfajiri kwenye redio kubwa ya nyumbani, ile aliyokuwa akiikumbatia sikioni wakati chai inachemka. Masikio yake yalizidi kufa. Nikailaumu ile antena.

Mashine iliuzwa Mama alipochoka mwenyewe, kwa hiari yake. Akaja kuishi kwangu. Siku moja, nikiwa nimembana kwa maswali kama kawaida yangu, ndipo aliponiambia kwamba redio ile iliingia vumbi na kufa wiki ileile tuliyoinunua, kabla yule mzee hajaja kuuliza bei ya pamba.