Milamula Niliyoihamisha

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule na karatasi ya kusainiwa na mzazi. Ameanza kidato cha kwanza hapa hapa Bukoba, na amechagua somo la Sanaa. Karatasi yenyewe ilikuwa ya kawaida tu: vifaa vinavyotakiwa, mambo ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuyafanya, na jinsi alama zitakavyogawanywa. Nilikaa nayo barazani, nyumbani kwetu Kagondo, mpaka chai ikapoa. Mtoto akaniuliza, "Mama, kalamu haiandiki?" Nikamwambia inaandika, aniache kidogo.

Yeye sijamweleza. Ngoja nikueleze wewe.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, huko Muleba upande wa Kishanda. Nyumba yake ilikaa katikati ya kibanja chenye migomba iliyoshonana, hivi kwamba mvua ikianza ulisikia majani kwanza, na matone yalikufikia baadaye sana. Jumamosi tulikwenda kukata nyasi, tukazibeba kichwani na kuzitandaza chini ya migomba ardhi isikauke. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi mbichi shingo inaniuma. Tukirudi, bibi alikaa kwenye kigoda akimenya ndizi haraka haraka, maganda yakidondoka miguuni pake bila yeye kuyatazama. Tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, na siku ambayo mtu ametoka ziwani Kemondo tulipata furu wa kuchemsha, wenye miba mingi kuliko nyama. Bibi alisema furu ni samaki wa kufundisha watoto kunyamaza mezani.

Upande wa kulia wa nyumba palikuwa na mibuni miwili, na baada ya mibuni hiyo lilikuwepo kaburi la babu. Hatua chache kupita kaburi ilisimama milamula mitatu. Kama hukukulia kwetu, mulamula ni mmea wa shina jembamba na majani marefu, ambao tunaupanda kwenye mpaka. Kwa Kihaya, kulamula ni kuamua, kuwapatanisha waliogombana. Ndiyo kazi ya mmea huo, na jina lake linakwambia. Ng'ambo ya milamula ile palikuwa kwa mdogo wake babu, ambaye mimi nilimwita Babu Mdogo.

Kando ya kaburi, bibi alikuwa na mahali pake. Palikuwa kipande kidogo tu, cha kutosha mtu kulala, na hakukubali kipandwe chochote, hata maharage. Aliniambia mara nyingi, "Hapa ni pangu, mwana wange. Nikifa mnilaze hapa, nimsikie mzee wangu akikoroma." Kisha alicheka peke yake. Sikumbuki bibi akiitamani nguo, wala kiatu, wala safari ya mjini. Alitamani mahali pale tu.

Nilipoingia kidato cha kwanza tulipata mwalimu wa Sanaa. Alikuwa kijana aliyetoka mbali, hajui neno la Kihaya hata la kusalimia, shati lake limenyooka kuliko la mkuu wa shule.  Siku ya kwanza alibandika ukutani karatasi kubwa ya manila, akasimama kando yake mikono nyuma, akatuacha tusome. Usahihi, alama arobaini. Mlingano, thelathini. Usafi, ishirini. Kumaliza kwa wakati, kumi. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: Chora kilichopo. Atakayechora kisichokuwepo atapata sifuri, na sifuri yake itabandikwa ubaoni.

Halafu akasema msemo wake, ambao tuliusikia mwaka mzima: "Jicho halidanganyi. Mkono ndio unaodanganya." Alikuwa na desturi ya kutembea nyuma ya madawati kimya kimya. Hukumsikia akija. Uliona tu kivuli kimeangukia karatasi yako, ukajua kuna kosa ambalo wewe hujaliona.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora nyumbani kwetu. Nilikaa njiani mbele ya nyumba ya bibi alasiri tatu, ubao mapajani, nikachora kila kitu: migomba, mlango, jiko, mibuni, kaburi, milamula mitatu. Nilichora vizuri, nakwambia bila kujisifu. Sikuwa na jambo lingine nililoliweza. Hesabu ilinishinda, Kiingereza kilinicheka. Nilitaka mno kuona jina langu limebandikwa kwa uzuri.

Darasani, kivuli kikaangukia karatasi yangu. Mwalimu akaitazama, akagusa upande wa kulia kwa ncha ya penseli. "Imeelemea huku," akasema. "Haya maua yako yanabana ukingo. Mlingano hakuna."

Maua! Sikumsahihisha. Mtoto wa miaka kumi na nne amsahihishe mwalimu? Alipopita nikachukua ufutio. Nikaifuta milamula kule iliko, nikaichora upya karibu na kona ya nyumba, kabla ya mibuni. Kaburi nikalifunika kwa majani ya mgomba. Picha ikatulia. Ikapendeza hata kwangu mimi niliyejua. Nilijiambia ni karatasi tu.

Nilipata tisini na moja. Usahihi, thelathini na nane. Mpaka leo sijui mwalimu ambaye hakuwahi kukanyaga kwetu aliipata wapi hiyo thelathini na nane. Nyuma ya picha aliandika kwa mkono wake: "Amechora kilichopo. Mfano wa kuigwa." Akasaini, na kwa furaha yake akaomba muhuri wa shule akaupiga.

Siku ya wazazi picha yangu ilikuwa katikati ya ukuta. Bibi hakuja, miguu ilikuwa imemvimba. Alikuja Babu Mdogo, na koti lake la kanisani. Aliwapita watoto wote, akasimama mbele ya picha yangu. Alisimama muda mrefu mno kwa mtu aliyekuwa akisema michoro ni kazi ya wavivu. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Kisha akanishika bega akamwambia mwalimu, "Huyu ni damu yangu. Naomba hii nikaiweke kwenye fremu." Mwalimu akaibandua mara moja. Mimi nilijaa fahari.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nilikwenda kuokota kuni nikaona milamula ni miwili. Ule wa tatu haukuwepo. Mahali pake palitandazwa nyasi vizuri, kama hapakuwahi kuwa na kitu. Nilimwita bibi. Akapatazama, akasema fisi wa siku hizi wanakula majani. Lakini hakucheka.

Siku chache baadaye nikatoka kwenda shule, na pale kwenye kona ya nyumba, kabla ya mibuni, nikaona kijiti cha mulamula kimechomekwa ardhini. Nilipajua mahali hapo kabla sijapafikia. Nilipajua kwa sababu mimi ndiye niliyepachagua. Rafiki yangu, sijawahi kuogopa mtu wala mnyama kama nilivyokiogopa kijiti kile. Wa pili ukatoweka kule, ukatokea huku. Kisha wa mwisho. Mulamula hauna hiyana, ukikatwa na kuchomekwa popote unashika. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mitatu yote ilikuwa na majani mapya, imejipanga kama nilivyoipanga kwa penseli.

Bibi aliing'oa mara mbili, ikarudishwa mara mbili. Alikwenda kwa shemeji yake, Babu Mdogo. Akajibiwa kwamba uzee umempotosha macho. Akapeleka shauri kwa wazee wa baraza. Jioni alikaa akiniuliza kama nimesikia mtu akichimba, kama nimeona nyayo. Nilisema sijui. Ningesema ninachokijua, ningekuwa nimesema pia kwamba nilichora kisichokuwepo, na niliiona sifuri yangu pale ubaoni, na wanafunzi wote wamesimama wanaisoma. Utanicheka. Nami ningejicheka kama ingekuwa jambo la kuchekesha.

Wazee walikuja wakati wa senene. Watoto wenzangu walikuwa wanawakimbiza njiani na chupa mikononi, na kutoka jirani ilikuja harufu ya waliokaangwa kwa chumvi. Wazee watano walikaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba, wakapewa kahawa ya kutafuna. Bibi alieleza mpaka wake, akanyoosha mkono mpaka kwenye kaburi. Hapo ndipo Babu Mdogo alipofungua gazeti alilokuwa amelikunja, akatoa picha yangu.

Ilipita mkono kwa mkono. Kila mzee aliitazama, akainua macho kuitazama nyumba, akarudi kwenye picha. Waliigeuza, wakauona muhuri. Mwalimu wangu alikuwa ameitwa pia. Akasimama akasema saini ni yake, alama ni zake, na kwamba katika darasa lake hakuna anayechora kisichokuwepo. Alisema hivyo akinitazama kwa upendo.

Mzee aliyeongoza shauri akaniita mbele.

"Hii umeichora wewe?" Nikamjibu kwa heshima ya kwetu:

"Ndiyo, waitu."

"Kabla shauri hili halijaanza?"

"Ndiyo, waitu."

"Ulichora ulichokiona?"

Nilijua jibu. Usidhani nilichanganyikiwa, usinitafutie udhuru kwa sababu tulisoma pamoja chuoni. Nililijua jibu na nilijua bibi atapoteza nini. Senene mmoja alitua kwenye karatasi, juu ya paa la nyumba niliyoichora, mzee akampangusa kwa kidole. Mwalimu alikuwa anaitikia kwa kichwa kunitia moyo.

"Ndiyo, waitu," nikasema.

Mzee akamgeukia bibi. Naye hakuwa mtu mbaya, alimpa nafasi. "Mama, umemsikia mjukuu wako. Wewe unasema mpaka uko kule, mtoto anasema aliuona hapa. Basi unatuambia mtoto huyu ni mwongo?"

Ilibaki neno moja tu. Angesema "ndiyo" wangekwenda kuchimba kule kwenye nyasi, wangekuta mizizi. Bibi alinitazama. Uso wake haukuwa na hasira. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nikiwa na homa, akipima tu imefika wapi. Akajua. Nakuapia aliijua habari yote pale pale, kuanzia ufutio.

"Mjukuu wangu si mwongo," akasema.

Akavuta khanga yake vizuri mabegani na kukaa chini. Babu Mdogo alikohoa, akaanza kukunja gazeti ambalo halikuwa na kitu ndani. Shauri likaisha hivyo, mpaka ukawa ule wa kwenye picha.

Usiku ule sikuweza kula. Bibi alinisogezea sahani akasema, "Kula, mwana wange, kesho una shule." Hakuligusia tena, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Kitu kimoja tu kilibadilika: aliacha kupita upande wa kulia wa nyumba. Hata akienda kisimani alizunguka kwa nyuma, na miguu ile yake ya kuvimba, na mimi nikimfuata na ndoo nikijua kila hatua ya ziada ni yangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kweli. Nilipanga kumwambia nikimaliza kidato cha nne. Kisha nikapanga nikipata kazi. Alifariki nikiwa chuoni, nikafika nikakuta wameshachimba upande wa jikoni, karibu na shimo la maganda, kwa sababu watoto wa Babu Mdogo walisema kule kando ya kaburi la babu kumeshapata mnunuzi. Nilimwaga udongo kama wengine. Watu walinisifu kwa kulia sana, wakasema kweli huyu alimpenda bibi yake.

Mnunuzi amejenga ukuta. Mibuni imekatwa, na kaburi la babu limo ndani, sijui chini ya nini. Babu Mdogo alishazikwa, wazee watano wote wamekwisha, mwalimu alihamishwa na sikumsikia tena. Siku hizi mipaka inawekwa nguzo za saruji zenye namba, na binti yangu ukimtajia mulamula anauliza kama unauzwa kwenye bustani za mjini. Nikienda Kishanda husimama kati ya kaburi la bibi na ukuta ule. Katika dunia nzima nimebaki mimi tu ninayejua milamula mitatu ilisimama wapi. Naweza kukuonyesha, mmoja baada ya mwingine, hata nikiwa nimefumba macho. Hakuna anayeniuliza.