Bwana Harusi na Pini Isiyoonekana

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pini, na si kwa wembamba wake. Kila suti aliyoimaliza ilimtia hofu ileile: je, kama nimesahau pini ndani? Akiipapasa, haimo. Akiikunja, hofu hiyoo, imerudi. Siku moja alimkimbiza mwalimu mkuu barabarani, akampapasa suruali mbele ya wanafunzi. Wanafunzi walishangilia, mwalimu mkuu akahamia kwa fundi mwingine.

Hapo ndipo mkewe alipomkokota hospitali. Daktari alisema huo si wazimu. Huenda ni mzunguko wa ubongo: sehemu iliyo nyuma ya paji la uso hupiga kelele "kuna kosa!", na sehemu za ndani zaidi hutakiwa kujibu, "tumesikia, kesi imefungwa." Kwa Fundi, kesi haifungwi, kelele inazunguka, inarudi palepale. Na kila akipapasa, anainenepesha. Zoezi lake: akague mara moja, akabidhi, avumilie mpaka kelele ichoke yenyewe.

Leo bwana harusi yuko dukani, suti mwilini, gari linanguruma nje. Fundi ameshakagua. Vidole vinamwasha.

"Bwana harusi, ngoja niguse tu hapo nyuma..."

"Thubutu!" mkewe akamkatiza. "Suti ya juzi uliing'ang'ania mpaka harusi ikaisha. Leo ukiigusa, narudi kwetu. Na cherehani ni yangu!"

Bwana harusi akaingiwa na huruma. "Fundi, tulia. Ngoja nikae kwenye kiti hiki, uone mwenyewe hakuna pini."

"Usikae!" mke akapiga ukelele.

Bwana harusi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Kumbe ipo?"

"Sijui!"

"Hujui?"

"Ndiyo dawa yenyewe, baba. Hatakiwi kuhakikishiwa."

Bwana harusi akatoka akitembea kama bata, akapanda garini na kupiga magoti juu ya kiti, uso umeelekea nyuma, akiwapungia mkono kupitia kioo. Fundi akaishika meza kwa mikono miwili. "Mfuate! Mfuate!" kelele ikamwamuru. Gari likakata kona. Kelele ikapayuka kichwani, ikapayuka tena, kisha, kama mtoto aliyekosa wa kumbembeleza, ikabaki kwikwi.

"Mama watoto, unadhani ipo?"

"Sijui, mume wangu."

Fundi akapangusa jasho. "Hata mimi sijui," akasema, akavuta kitambaa cha mteja mwingine na kuanza kukata.