Adhana ya Magharibi, Saa Tano Unusu Usiku

Mimi nimesikia adhana ya magharibi ikiadhiniwa saa tano unusu usiku.

Si ndoto, na situmii kitu. Nilikuwa kwangu Likoni, Mombasa, simu sikioni.

Nirudi nyuma kidogo, msije mkasema mzee Mwidani amepotewa na akili.

Shule niliishia darasa la nne. Aliyekuwa na akili ya saa ni marehemu mke wangu, Kadzo. Binti zetu wawili walipokwenda kazi Asia, alitundika saa mbili ukutani. Moja ya Zuleikha, aliye Sur, Omani: mbele yetu saa moja. Ya pili ya Swabra, aliye Ipoh, Malesia: mbele yetu saa tano.

Miji ile tukaijua kama tumezaliwa huko.

Sur, asema Zuleikha, watu hawana haraka. Mtu akujulia hali mpaka ya mbuzi wenu, kisha kahawa na tende, na adhuhuri ikipita maduka yafungwa watu walale. Kama sisi tu.

Ipoh, asema Swabra, ni mvua kila alasiri, vilima vya mawe vimeuzunguka mji, na watu hawakuulizi habari. Wakuuliza, "Ushakula?"

Kadzo alilipenda hilo. "Basi mwanangu halali na njaa."

Swabra alipelekwa na wakala mmoja wa mjini. Leseni ukutani, mihuri ya serikali kibao. Tuliuza minazi yetu yote kumlipa. Kila Jumanne saa saba mchana Swabra alipiga simu, kwake jioni. Video hataki. "Tajiri wangu hapendi, baba."

Juzi Jumanne simu ikachelewa, ikaingia hapa jua lazama. Nikatazama saa ya Ipoh. Saa tano unusu usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hujalala?"

"Usingizi umekataa tu."

Mara ndani ya simu: Allahu akbar, Allahu akbar.

Nikadhani ni msikiti wetu. Nikatoka nje. Muadhini wetu ndio kwanza akohoa kwenye spika.

"Swabra."

"Abee baba."

"Huko magharibi huadhiniwa saa tano usiku?"

Halafu nyuma yake, dume lapiga kelele: "Pisha! Pisha mama nyanya, mkokoteni hauna breki huu!"



"Uko sokoni Kongowea, hapa hapa Mombasa," nikasema.

Akaangua kilio.

Wallahi, mtoto hakupanda ndege. Wakala alifunga ofisi siku mbili kabla ya safari, pasipoti ikafia humo. Swabra akaenda kushtaki, akaambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu hiyo imefika miezi kumi na minne. Kapanga chumba Bombolulu, karibu na soko, auza nyanya. Ya Ipoh aliyasoma kwenye simu.

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

"Minazi, baba. Na wewe ushawatangazia Likoni nzima."



Kadzo alifariki mwezi wa Rajabu. Jioni ile, saa moja, bado apumua, nilishika simu nimwite Swabra. Akanishika mkono.

"Kule saa sita usiku, mume wangu. Mwache alale, kesho ana kazi."

Nikaiweka simu chini. Hakufika alfajiri.

Kumbe feri na daraja tu ndivyo vilivyowatenga mama na mwanawe.

"Mazikoni nilikuja, baba," Swabra akasema.

Nikamkumbuka. Mwanamke wa ninja, macho tu yaonekana, uani, alilia kuliko wote. Mimi mwenyewe nilimwendea: "Bibi, punguza. Watoto wake wako mbali, wewe wamlilia nani?"

Namlaani yule wakala. Nawalaani waliomgongea muhuri, na aliyekaa kwenye kiti akasema rudi Jumatatu. Wao wake zao wako hai.

Lakini wazazi wenzangu, hili ni langu nami nawapa. Mkiwa na mtoto mbali, msikae kuhesabu saa za mji wake. Mpigieni.

Akiwa amelala, ataamka.