Munganga Anatafuta Famille

Muuguzi aliniuliza garde-malade wangu yuko wapi, yaani mtu wa nyumbani wa kukaa na mgonjwa. Nikamwambia, "Mama, nimekuja na miguu yangu miwili, inatosha." Akacheka kidogo, lakini dawa ya usingizi akaninyima. Kama hakuna mtu wa kukurudisha nyumbani, hawakulazi usingizi. Basi, nikafanyiwa kipimo hivyohivyo, nikiwa macho.

Mke wangu nilishamzika. Watoto wako Kakanda kwenye mashimo ya shaba, simu zao hazishiki. Damu nilikuwa nikiiona chooni tangu mvua za kwanza, na sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kuku?

Munganga, daktari mwenyewe, akaniingizia kwa nyuma, njia ya haja, ule mpira wenye taa na kamera. Aibu, jamani! Na inauma, mtu asikudanganye. Kwenye skrini niliona utumbo wangu mwenyewe, umelowa, unang'aa. Tukafika kwenye kinundu kidogo chenye shina. "Papa, hii haina mambo," akasema, akakikata palepale. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kila kona ananieleza. Halafu taa ikaangukia kidonda kipana, kimebonyea katikati, kingo zimevimba. Akanyofoa vipande vidogo vya kupeleka Lubumbashi kupimwa, na hakunieleza tena kitu.

Nikavaa, nikaketi kwenye benchi nje ya chumba. Wenzangu walikuwa wamezungukwa na watu wao na sahani za bukari, ugali wetu. Mimi nilikuwa na kofia yangu. Upweke ule uliniuma kuliko mpira. Munganga akatoka, akanipita, akaangalia huku na huku. Nimezika watu wengi hapa Likasi, desturi naijua: habari njema anaambiwa mgonjwa, mbaya wanaambiwa famille, yaani watu wake wa nyumbani.

"Munganga," nikamwita, "famille njo miye. Uniambie sawa vile ungeambia ndugu yangu."

Akasimama kidogo. Kisha akaja kuketi karibu yangu, akashusha sauti. "Papa, mugonjwa wenu iko na kidonda, na macho yangu hayakipendi. Tungoje majibu, lakini mujitayarishe kwa kupasuliwa kwake."

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Nazani anajua."

"Na shiye, tufanye nini?"

Akaniangalia sana. "Musimuache peke yake."

"Hatutamuacha," nikamwahidi.