Funguo ya Trekta Shingoni mwa Mwende

Hapana, si mimi niliyeipoteza. Juzi niliona mjukuu wangu amevaa funguo ya pikipiki shingoni, nikamkumbuka dada yangu Mwende. Baba alimpa yeye funguo ya trekta yetu kuukuu aitunze, na mimi nilijua mwenye kuivaa ndiye atakayerithi trekta. Ilinuka dizeli. Nikiisogelea, Mwende alivuta maneno hivi: "Kalonduuu, utaichafuaaa." Kwa wivu nikaacha sahani yangu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila kuimaliza.

Mchana mmoja kamba yake ya shingoni ilikatika kwa shamba la ndengu, funguo ikapotea. Mawingu ya mvua yalikuwa yameshaingia. Mwende akalia, "Baba, sasa tutalima na nini?"

Baba akaunganisha waya mbili, trekta ikakohoa, ikanguruma. Akamwambia kwa ile sauti yake nzito, "Nyamaza. Hiyo funguo ilikuwa ya choo."