Difu Mbili za Silvesta

Wivu wa Silvesta ulikuwa wa wazi. Sisi wengine pale Kambarage, tunapoegesha pikapu zetu kusubiri mizigo, wivu tunao lakini tunaufunika kwa mzaha. Silvesta hakuweza. Akimwona mtu na tairi mpya alikunja uso, akahamia upande wa pili wa barabara, akakaa huko mpaka roho ipoe. Ndiyo sababu nilimpenda. Ulijua kabisa unakaa na mtu wa namna gani.

Gari lake lilikuwa la difu moja, yaani linalovuta kwa tairi za nyuma tu, lenye kiti kimoja kirefu mbele na bodi pana nyuma. Kwa gari hilo alibeba michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vitunguu na mpunga kwenda minadani. Kwa gari hilohilo alijenga nyumba Ngokolo na kumsomesha binti yake Jenifa. Halikuwa mlevi wa mafuta, na spea zake zilipatikana kila kona. Barabara ikiharibika alingoja jua, kama sisi sote.

Kitu kimoja tu alikithamini kuliko gari: simu ya mkwe. Baba mkwe wake, mzee Pantaleo, anakaa kijiji cha Mwanhembo, ukishapita Kolandoto, ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi. Mzee hana mtoto wa kiume mwenye gari. Kila alipotaka kusafirishiwa mbuzi, mahindi au mgonjwa, alimpigia Silvesta. Nilimwona mara nyingi akipokea simu ile. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Shikamoo baba," na mteja aliyekuwa akipakia vitunguu akaambiwa avishushe.

Sasa, mzee huyo ana wakwe wawili. Wa pili ni Marselino, aliyemwoa Paskalia, mdogo wake Serafina, na Serafina ndiye mke wa Silvesta. Kwa hiyo Silvesta na Marselino ni wanyumba. Marselino ni mchimbaji huko machimbo ya Geita, ila nyumbani kwake ni huku kwetu, na kwa miaka mingi alikuwa akienda ukweni kwa lifti ya Silvesta, tena nyuma kwenye bodi, amekumbatia mbuzi. Silvesta alimpenda sana mwanyumba wake wakati huo.

Halafu duara la Marselino, shimo lake la kuchimbia, likatema. Dhahabu haikuwa ya kutisha, ila ilitosha kununua dabo kebini nyeupe yenye milango minne, imenyanyuliwa juu, ubavuni ina stika kubwa ya 4x4. Silvesta alilizunguka gari lile. Aliporudi kijiweni alisema rangi nyeupe inaonyesha uchafu.

Mvua za Machi zikaanza, na miguu ya mama mkwe ikaanza kuvimba. Siku moja Silvesta alikuwa mezani anakula.

"Mama alipelekwa hospitali Kolandoto jana," Serafina alimwambia.

"Na nani?"

"Na Marselino."

Silvesta akaacha kula. "Simu yangu ilikuwa hewani."

"Sijasema haikuwa hewani."

Kliniki iliyofuata akaitwa tena Marselino, na iliyofuata pia. Silvesta akakonda usoni. Nilimshauri amuulize mzee, akanitazama kama nimemtukana. Na kweli nilikosea, kwani mimi ni Msukuma kama yeye. Mkwe haulizwi sababu. Akikuita unakwenda, asipokuita unanyamaza. Basi Silvesta akakaa na wivu wake, akautafutia jibu mwenyewe.

"Ni matope, Luka," aliniambia. "Mzee anaogopa kukwama mbugani na mgonjwa. Mwenzangu ana difu mbili, anavuta mbele na nyuma. Mimi nina nini?"

"Una gari linalokulisha," nikamwambia. "Unataka kununua gari la siku za matope, ulitembeze siku za vumbi. Matope hapa kwetu ni ya msimu. Mafuta ni ya kila siku."

Ya kuambiwa alishachanganya na ya kwake. Aliuza pikapu yake kwa mchuuzi wa viazi, akaongezea akiba yote ya mpunga, akaleta pikapu kuukuu ya difu mbili. Ilikuwa ndefu, ina gia ndogo ya pili sakafuni, mbele kiti kimoja kirefu kama ile ya zamani. Serafina alitoka nje, akaitazama, akajifuta mikono.

"Baba Jenifa, lile gari lilikuwa na kosa gani?"

"Lilikuwa haliitwi," akajibu.

Gari jipya likaanza kunywa. Alipandisha nauli ya mzigo ili alinyweshe, na wateja wake wakahama mmoja mmoja. Baadhi walihamia kwangu, sikuwafukuza. Kilichomuuma zaidi ni kuliona lile la zamani likipita na viazi vya watu. "Tazama anavyolikanyaga," alikuwa akisema, akigeukia ukutani. Alikuwa anamwonea wivu Marselino, anamwonea mchuuzi wa viazi, na kama ningekuwa mwangalifu ningesema alikuwa anajionea wivu yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Simu ya mkwe haikulia.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, Serafina alisikia kwa mdogo wake kwamba mama anakwenda kliniki, na Marselino ameshatoka kumfuata. Silvesta hakungoja kuitwa. Alinipitia nyumbani, akaniambia panda. Hakuwa na haja ya msaada wangu. Alitaka shahidi.

Tulipofika mbugani tuliikuta ile nyeupe imezama upande, matope yamefika kwenye mlango. Marselino alikuwa amesimama pembeni, suruali ameikunja magotini. Silvesta akapunguza mwendo, akaingiza ile gia ndogo taratibu, kama padri anayefungua tabenakulo, na gari likakata udongo mweusi bila kuyumba. Alipofika usawa wa mwenzake akashusha kioo.

"Pole, mwanyumba. Ngoja kwanza nimpeleke mama, nitakuja kukutoa."

Akapiga honi mara moja. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile. Wivu ulikuwa umemtoka wote, akabaki mwepesi, akaanza hata kuimba.

Mwanhembo tulimkuta mzee Pantaleo uani. Silvesta alichuchumaa mbali, kama ipasavyo, akatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, kisha akalitazama gari.

"Umepitaje?"

"Hili lina difu mbili, baba. Matope hayalisumbui."

"Vizuri. Na mama yako atakaa wapi?"

Mama mkwe alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni na mwavuli, uso ameugeuzia ukutani ili wasitazamane na mkwe wake. Mvua ilikuwa bado inanyunya. Ndipo na mimi nikaona, na nikaona aibu kwa niaba yake. Miaka yote alikuwa akimbeba yule mama nyuma kwenye bodi, juu ya kiti kilichofungwa kwa kamba, maana mama mkwe hakai bega kwa bega na mkwe wake.

"Miguu yake haipandi bodi tena, nkwilima wangu," mzee alimwambia mkwe wake kwa upole. "Halafu inanyesha. Na mbele pale, hata mimi nikikaa katikati yenu, kiti ni kimoja. Kwa Marselino anapanda nyuma na mlango wake, anajifunika kanga, hawaonani."

"Kwa hiyo haikuwa matope?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Matope gani? Marselino hukwama kila tukipita. Tunakaa tunangoja watu wa kusukuma." Mzee akatazama upande wa mbuga. "Yuko wapi leo?"

"Amekwama."

"Basi kamtoe."

Tulirudi bila wimbo. Silvesta alifunga kamba mwenyewe, akaivuta kwa hasira, akamwambia mwenzake aingize difu ya mbele wasaidiane.

"Difu ya mbele ipi?" Marselino akauliza.

"Si umeandika hapo 4x4."

"Hiyo stika, mwanyumba. Niliibandika Katoro, iliuzwa pamoja na mazulia. Difu mbili mimi ningeilisha nini?" Akapapasa mlango wa gari la Silvesta kwa mkono wenye tope. "Wewe ndiye uliyenunua gari. Kila mvua ikinyesha silali kwa kulitamani."

Silvesta alikuwa ameuza gari zuri kwa sababu ya kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Nilidhani atalia au atampiga. Alipanda tu, akavuta.

Tulipomvuta Marselino mpaka Mwanhembo, mama mkwe alipanda ile nyeupe, kiti cha nyuma, akajifunika kanga yake. Mzee akakaa mbele. Kamba hatukuifungua, kwa sababu mbuga ilikuwa ileile, na Silvesta akawavuta wote mpaka lami. Njiani alikigeuza kile kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia juu. Sikujua kama ilikuwa heshima kwa mkwe au uchungu, na sikumuuliza.

Lile gari bado analo, na bado linakunywa. Na simu ya mkwe imerudi. Mvua ikinyesha siku ya kliniki, mzee Pantaleo anapiga simu mbili: moja kwa Marselino aje ambebe mama, nyingine kwa Silvesta aje amvute Marselino. Anaipokea kama zamani, amesimama, kofia mkononi. Akishakata huja dirishani kwangu, na swali lake ni lilelile.

"Luka, unadhani alianza kumpigia nani?"